Presha

Taa iliwaka Laela, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi Julai. Nilikuwa nimewasha gari uani kwa baba ili injini ipate moto kabla ya safari. Ilikuwa taa ndogo ya njano kwenye dashibodi: umbo kama chungu kilichopasuliwa katikati, chini kina meno, na ndani yake alama ya mshangao. Nilikuwa naifahamu. Ilikwisha kuniwakia mara tatu au nne huko Mbeya ninakofanya kazi, asubuhi za baridi, na kila mara ilizimika yenyewe kabla sijafika kazini. Nilikuwa nimeizoea kama watu wa nyumbani wanavyozoea mlango unaolia.

Baba alikuwa amesimama barazani na koti lake zito, bahasha ya vyeti vya kliniki kwapani. Tulikuwa tunakwenda Sumbawanga, kilomita 95 na ushee, kumpima presha. Alikuwa ameacha dawa tangu Mei, na sababu aliyonipa kwenye simu ilikuwa fupi: "Mama, mimi mwili wangu naujua. Sisikii kitu."

"Gari lina nini?" akauliza alipoona sijashuka.

"Taa ya matairi, baba. Inasema upepo umepungua."

Akaweka bahasha juu ya kiti, akaingia stoo, akatoka na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ncha moja imesuguliwa hadi inang'aa. Akazunguka gari. Kila tairi aligonga mara mbili, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Alipomaliza la nne alisimama wima.

"Yote sawa. Twende."

Nilitaka kumwamini. Amekuwa utingo, kisha dereva wa lori, zaidi ya miaka 30. Hata hivyo tulipofika barabara kuu nilisimama kwa fundi pancha. Alikuwa kijana mchangamfu, ndiyo kwanza anawasha kompresa yake. Akachungulia dashibodi na kucheka.

"Dada, hizo taa zinadanganya. Wiki iliyopita nimemzibia mwingine." Akanionyesha mkanda mweusi wa umeme. Kipande kidogo tu, alisema, na hutaiona tena.

Basi nikawa na mafundi wawili, mzee na kijana, kila mmoja kwa njia yake akiniambia nisiisikilize ile taa. Na nilikuwa na haraka, maana foleni ya kliniki haimsubiri mtu.

*

Kiswahili chetu kina jambo moja la ajabu. Kilichomo ndani ya tairi tunakiita upepo, ingawa upepo ni hewa inayotembea, na ile ya tairini kazi yake ni kukaa palepale. Neno presha tumelipa mwili. Mtu akisema "nina presha" hakuna anayedhani anazungumzia gari.

Ufipa ni nchi ya upepo. Mwezi Julai huvuma kutwa nzima juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na wazee wa nchi hii waliufanyisha kazi kabla hakujawa na tairi hata moja. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuu ndefu za udongo zinazomzidi mtu kimo. Malungu hayakuhitaji mivuo. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikivutwa na moto uliokuwa ukipanda juu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuu ndogo, na hapo ndipo mivuo ilipotumika. Mabaki ya malungu bado yamesimama sehemu za Nkansi. Walioyajenga hawakuwa na geji. Walitazama, wakasikiliza, na majembe yao yakauzwa mbali. Sitaki mtu adhani kwamba elimu ya sikio ni elimu duni.

Upepo wa kufungiwa ndani ya mpira ulikuja kutoka kwingine. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, baada ya kulifungia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amebuni kitu kama hicho miaka ya 1840, lakini hakikupata soko. Safari hii baiskeli zilikuwa nyingi, na ulimwengu ukataka mpira. Katika misitu ya Kongo, mbali ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu waliteswa na kuuawa kwa kushindwa kutimiza kiasi cha mpira walichopangiwa na utawala wa Mfalme Leopold. Tunaposema tairi ni kitu cha kawaida, tukumbuke kwamba lilianza ghali, na walioanza kulipa hawakuwa wapanda baiskeli.

Tatizo la tairi la upepo lilionekana mapema: ukilitazama, huwezi kujua lina kiasi gani. Kampuni ya August Schrader wa New York ilileta vali ambayo mpaka leo ndiyo iliyoko kwenye magari na pikipiki zetu nyingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 geji ndogo ya mkononi ikafuata. Kuanzia hapo dereva yeyote aliweza kujua kwa namba. Wengi hawakupima. Mimi nilikuwa na geji ndani ya mkoba wa mlango, niliinunua Mbeya siku niliyonunua gari, na bado ilikuwa ndani ya nailoni yake.

*

Taa yenyewe ina historia fupi, na ina makaburi ndani yake.

Porsche walishaweka kipima upepo kwenye gari lao la 959 mwaka 1986, lakini hilo lilikuwa gari la matajiri wachache. Kilichoifanya taa iwe sheria ni vifo. Miaka ya 1990 nchini Marekani, matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye magari ya Ford Explorer yalianza kubanduka ngozi ya juu yakiwa mwendoni, hasa kwenye majimbo ya joto kama Texas. Gari likipoteza tairi la nyuma kwenye kasi ya barabara kuu, mara nyingi lilipinduka. Agosti 2000 kampuni ilitangaza kurudisha matairi yaliyokadiriwa kuwa milioni 6.5. Hatimaye vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini humo vilipita 200.

Katika mabishano yaliyofuata, jambo moja dogo lilijirudia: namba. Ford walikuwa wamependekeza pauni 26 kwa kila inchi ya mraba. Firestone walisema ilipaswa kuwa 30. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika pembeni kila linapogusa ardhi, mamia ya mara kwa dakika, na kila kukunjika huzaa joto. Joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka za mpira na waya. Kwa nje huoni kitu. Ndani tairi linaachana lenyewe kwa lenyewe.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iliyodai, pamoja na mengine, kwamba magari mapya yamwonye dereva tairi likipungua upepo. Watengenezaji na watetezi wa walaji wakavutana hadi mahakamani. Mwishowe kanuni ikatoka: kuanzia Septemba 2007, kila gari jipya dogo nchini Marekani liwe na taa inayowaka tairi likipungua asilimia 25 chini ya kiwango. Ulaya ikafuata, kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 2012 na kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, na wao kiwango chao ni asilimia 20. Uingereza ikaongeza kwamba, tangu 2015, gari lililoanza kutumika mwaka 2012 au baadaye halipiti ukaguzi wa mwaka kama taa hiyo inaonyesha hitilafu.

Japani haikuweka sharti hilo. Ndiyo maana magari mengi yanayoingia bandari ya Dar es Salaam hayana taa hii kabisa, na ndiyo maana yule fundi wa Laela huiona mara chache. La kwangu lilitoka Uingereza. Lilifika likiwa na miaka tisa, na nyuma ya kila vali kulikuwa na kifaa kidogo kinachopima upepo na kutuma taarifa kwa redio. Kifaa hicho kina betri iliyofungiwa humohumo, haibadilishwi, na huishi kati ya miaka mitano na kumi, wakati mwingine zaidi kidogo. Fikiria hesabu hiyo. Mwenye gari wa kwanza hutumia taa ikiwa nzima. Gari linapotufikia, betri ziko ukingoni. Sheria iliyoandikwa kwa sababu ya maiti za Texas hutufikia Ufipa ikiwa inakata roho, nasi tunaifunika kwa mkanda wa umeme.

Kwa hiyo fundi hakuwa mjinga. Taa nyingi alizowahi kuona zilikuwa zimekufa betri. Kosa lake lilikuwa kutotofautisha. Vifaa vikifa, taa hiyo hupepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha hutulia ikiwaka. Maana yake ni "siwezi kupima." Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, maana yake ni "nimepima, na kuna tairi limepungua." Na kama ukifungua swichi haiwaki kabisa hata sekunde mbili, huku taa nyingine zote zikiwaka, basi ama gari lako halina mfumo huo ama kuna mtu ameshaifunika kabla yako.

Yangu haikupepesa.

*

Baba alizaliwa kabla Mkoa wa Rukwa haujaanzishwa. Mkoa ulipoanzishwa mwaka 1974 yeye alikuwa kijana, na miaka michache baadaye akapanda lori kama utingo. Kazi ilikuwa kusomba mahindi. Rukwa ilikuwa moja ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mahindi hayo yalipaswa kushuka Tunduma kwa barabara ya udongo. Kutoka Laela hadi Tunduma ni kilomita zisizofika 130. Masika, baba anasema, walilala njiani mara mbili.

Matairi yalikuwa dhahabu. Kiwanda cha General Tyre kilikuwa kinafanya kazi Arusha, lakini baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na tairi jipya la lori lilihitaji kibali, barua na kujuana. Mwaka 1983, ulipofika msako wa wahujumu uchumi, kuonekana na bidhaa adimu kwenye stoo kulitosha kumtia mtu matatani. Tairi liliendeshwa hadi linakuwa kipara, kisha linawekwa kiraka cha ndani, kisha linahamishiwa nyuma, na likikataa kabisa linakatwa katambuga.

Katika hali hiyo nani angekuwa na geji? Utingo alikuwa na nondo. Kila waliposimama alishuka na kugonga. Matairi ya nyuma ya lori hukaa mawili mawili, na lile la ndani halionekani wala halifikiki kwa mkono, lakini nondo hulifikia. Lenye upepo hurudisha nondo na kulia kwa sauti ya juu. Lililoisha hunyamaza. Baba aliniambia utotoni kwamba tairi ni kama mtungi: aliyelizoea haulizi kama lina maji.

Na kwa barabara ile, elimu hiyo ilitosha kwa mengi. Kwenye tope walipunguza upepo kwa makusudi ili tairi lilale na kushika ardhi. Mwendo ulikuwa wa kilomita 20, 30 kwa saa. Tairi pungufu lilipata joto polepole, na lilipopasuka lori lilisimama tu, watu wakashuka wakilaani.

Kisha lami ikaja. Februari 2008 Rais Bush na Rais Kikwete walitia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa moja ya zilizojengwa kwa fedha hizo, ikigawanywa vipande: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela, Laela–Sumbawanga. Leo basi hupita Laela na kufika Sumbawanga kabla chai haijapoa tumboni. Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini lami ilibadilisha bei ya kosa. Tairi lilelile pungufu, ambalo kwenye tope lingekuchelewesha, kwenye kasi ya 100 linakuondoa barabarani. Sikio la baba lilifundishwa na barabara ambayo haipo tena.

*

Nilichukua geji. Nikaitoa kwenye nailoni yake mbele ya fundi na baba, na niliona haya kidogo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye kiwango: 33 mbele na nyuma. Namba hiyo ndiyo ya kufuata. Ile iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaweza kubeba, na watu wengi hujaza kwa kuifuata hiyo.

Mbele kushoto: 32. Mbele kulia: 31. Nyuma kushoto: 32. Nyuma kulia: 24.

Baba akasema nirudie. Nikarudia. 24.

Akaenda gari, akachukua nondo yake, maana alikuwa ameibeba, akagonga lile la nyuma kulia, kisha la nyuma kushoto. Akagonga tena. Mimi pia nilisikiliza. Fundi akazima kompresa ili tusikie vizuri. Mlio ulikuwa uleule.

"Linajibu sawa," akasema baba, taratibu.

"Linajibu sawa, baba. Lakini lina 24."

Fundi akainua gari kwa jeki, akamwagia tairi maji ya sabuni, akalizungusha. Karibu na bega la tairi mapovu madogo yakaanza kutoka, moja baada ya jingine. Msumari wa bati, umezama wote, umezibana njia yake mwenyewe na kuvujisha kidogo kidogo. Huenda nilitembea nao mwezi mzima. Asubuhi za baridi za Mbeya upepo ulisinyaa na taa ikawaka. Nilipotembea kidogo tairi likapata joto, upepo ukatanuka, taa ikazimika. Ilikuwa ikiniambia ukweli kila siku kwa dakika 20, na mimi nilikuwa nikisubiri inyamaze.

Fundi aliziba, akajaza 33, nikapima mwenyewe. Tulipoondoka baba hakusema neno hadi tulipopita Kaengesa.

*

"Nilikuwa na mwenzangu," akasema. "Hukumjua."

Ilikuwa masika ya 1984. Walikuwa mautingo wawili kwenye lori moja, na huyo mwenzake alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa ndugu zake bado wapo. Walisimama upande wa Tunduma kupoza injini, na ilikuwa zamu ya baba kugonga matairi. Akagonga yote. La nyuma la ndani, upande wa kushoto, lilijibu. Alisema sawa, na dereva akaondoa lori.

Baada ya saa mbili walisikia harufu ya mpira. Lile tairi lilikuwa limekwisha kulala muda mrefu, limebanwa na mwenzake wa nje aliyebeba mzigo wote. Wakalitoa, wakaziba tyubu, wakalifunga tena kwenye rimu. Matairi ya lori ya siku zile yalizuiwa na ringi ya kufungia, duara la chuma linalokaa kwenye mfereji wa rimu. Ringi isipokaa vizuri kwenye mfereji wake, upepo ukiingia huirusha kama risasi. Fundi makini huzungushia mnyororo kabla ya kujaza. Siku hiyo mnyororo ulikuwa umetumika kuvutia gari jingine kwenye tope, na mvua ilikuwa inakuja.

Mwenzake ndiye aliyeinama kushika mpira wa kujazia, uliotoka kwenye tangi la upepo la breki. Hakukuwa na geji. Walikuwa wakijaza kwa kukisia, na kila baada ya muda baba aligonga kusikia limefika wapi.

"Nikagonga," baba alisema. "Nikamwambia, bado kidogo."

Hakuendelea, na sikumuuliza. Nilitazama barabara. Utoto wangu wote nilidhani baba anagonga matairi kwa sababu ni fundi. Nadhani sasa kwamba kwa miaka 40 amekuwa akitafuta ule mlio, ule ambao ungemwambia "tosha," ili angalau ajue ulikuwepo na yeye hakuusikia.

*

Kliniki ilikuwa imejaa. Muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alimkalisha baba kwenye benchi na kumwambia apumzike dakika tano kwanza, asizungumze. "Presha haipimwi mtu akiwa ametoka kutembea, mzee." Nilikaribia kucheka. Ndivyo ilivyo na tairi: hupimwa asubuhi kabla ya kutembea, au gari likiwa limesimama saa tatu hivi. Ukipima likiwa moto litakudanganya kwa pauni nne au tano, na ukipunguza ili lifike kiwango, kesho yake likipoa litakuwa pungufu.

Kisha akamfunga mkono kile kitambaa cha kujazwa upepo, akaanza kubinya mpira.

Kuna jambo nililisoma baadaye, na sijaacha kulifikiria. Mwaka 1896, mjini Turin, daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Alitumia vitu vya kawaida alivyoweza kupata, na kitambaa chake cha mkono alikitengeneza kwa tyubu ya baiskeli. Ilikuwa miaka minane tu baada ya hataza ya Dunlop. Upepo uliofungiwa ndani ya mpira ili mtoto wa Belfast asirushwe na mawe ya barabara ulikuwa tayari umegeuka kuwa njia ya kuusoma mwili. Mwaka 1905 Mrusi, Nikolai Korotkov, akaongeza sikio: weka kipaza mapigo chini ya kitambaa, achia upepo polepole, sikiliza mlio unapoanza na unapoisha, na kila unaposikia soma namba. Mpaka leo muuguzi hufanya hivyo. Anasikiliza na anasoma. Hakuna aliyemwambia achague kimoja.

"182 kwa 106," muuguzi akasema. "Mzee, husikii kichwa? Kizunguzungu?"

"Sisikii kitu," baba akajibu. Safari hii alilisema kwa sauti nyingine.

Muuguzi akamweleza kwamba wengi hawasikii, ndiyo hatari yake. Baba akatikisa kichwa, akanitazama. "Linajibu sawa," akasema kimyakimya. Muuguzi hakuelewa, nami sikumfafanulia.

*

Tulilala Laela siku mbili zaidi. Asubuhi ya kwanza nilimkuta uani, ameinama kwenye tairi la mbele na geji yangu, akijaribu kuibana kwenye vali bila kupoteza upepo. Aliniita nimsomee namba kwa sababu miwani ilikuwa ndani. Tulipima manne, kisha tairi la akiba, ambalo taa nyingi hazilipimi na wengi tunalisahau. Lilikuwa na 18.

Nikamwonyesha hesabu niliyoifanya usiku, kwa kuwa aliniuliza kwa nini baridi ipunguze upepo ambao haujatoka. Mtu akijaza 33 Dar es Salaam mchana kwenye joto la nyuzi 30, akaamka Laela kwenye nyuzi 10, baridi inamwondolea takriban pauni tatu. Lakini Laela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huku hewa ya nje inakandamiza tairi kidogo, kwa hiyo geji inamrudishia kama mbili na nusu. Ufipa inachukua na Ufipa inarudisha. Akiteremka bonde la Ziwa Rukwa mchana, joto linapandisha tena. Baba alisikiliza yote, akasema walijua kwamba lori linaloshuka bondeni "huvimba," ila hawakujua kiasi gani.

Nilimwachia geji, nikanunua nyingine Tunduma nikirudi. Kliniki ilikuwa imempa kadi ya kuandika presha yake, naye akapata daftari la shule kwa sababu kadi ilikuwa ndogo. Nondo bado iko stoo. Vijana wa bodaboda wanaoegesha karibu na kwake wananiambia bado anagonga matairi yao kwanza, kichwa kimeinama, anataja namba, kisha ndipo anabana geji kuona kama amepatia.

Jumapili usiku hunipigia.

"Mama, umepima?"

"33 yote, baba. La akiba 35. Na wewe?"

Nasikia kurasa za daftari. "148 kwa 90," anasema. "Asubuhi, kabla sijatembea."